Zelda II au Castlevania II: mateso ya vidole au mateso ya kichwa?

Mdogo wangu kanipigia simu usiku saa tano na kitu, hata salamu hajamaliza anauliza kati ya Zelda II na Castlevania II aanze na ipi. Kasikia zote ni gemu za zamani za kuruka na kupiga ambazo zina mambo ya RPG ndani yake, yani unaua unapata pointi, unapanda levo, unaingia kijijini unaongea na watu, na kasikia zote ni ngumu kufa mtu. Nikamwambia nipe wiki tatu nizirudie maana nilizicheza nikiwa chuo, na gemu uliyoimaliza zamani ukiikumbuka unaikumbuka rahisi, yale matusi uliyotukana ukuta huyakumbuki.

Wiki tatu zimeisha, kidole gumba kina sugu, majibu yake haya hapa, na we mwingine unayejiuliza swali hilohilo soma tu.

Kwanza kwa nini watu wanazilinganisha hizi mbili kila siku. Zote zilitoka Japani mwaka 1987 kwenye Famicom (mashine ya gemu ya Nintendo ya kule) ile ya kutumia diski, Zelda mwezi wa kwanza, Castlevania mwezi wa nane, alafu zote zikatua Marekani mwisho wa 1988 zikiwa kaseti za NES, yani hiyohiyo Famicom kwa jina la Marekani. Zote ni namba mbili, na zote ni namba mbili zilizokataa kufanana na kaka zao. Zelda ya kwanza unaangalia kutoka juu mwanzo mwisho. Hii ya pili ukitembea kwenye ramani ni kutoka juu, ila adui akikugusa tu skrini inageuka mnapigana kwa ubavu kama Mario. Castlevania ya kwanza ilikuwa nyoosha mbele mpaka kwa Dracula, ukimaliza hatua moja unaingia nyingine, ya pili Konami walioitengeneza wakakufungulia nchi nzima, nenda unakotaka, rudi unakotaka, nunua vitu, kiza kinaingia kunakucha. Walioipenda namba moja wakanuna, na wengine wamenuna mpaka leo.

Sisi huku wengi hatukununa kwa sababu hatukuwa nazo. Tulikuwa na zile TV game za kichina na kaseti ya njano imeandikwa gemu 9999, ukiwasha unakuta Contra, Tank, Mario na kale kagemu ka bata vinajirudia na majina tofauti mpaka mwisho wa listi. Sijawahi hata siku moja kukuta Zelda II kwenye kaseti ya njano, na ingekuwepo ungeichezaje, gemu ya masaa kumi kwenye mashine isiyosevu na mama anataka kuangalia taarifa ya habari saa mbili. Kwaiyo hizi tumezijua ukubwani, kwenye emuleta (programu za kuiga mashine za zamani) za kompyuta na simu, na hiyo ina faida yake, hatuna kumbukumbu tamu ya kuzitetea. Tunaziona kama zilivyo.

Sasa tuje kwenye ugumu maana ndo kilichomfanya dogo anipigie. Watu wanasema gemu ngumu kama vile ugumu ni kitu kimoja. Hizi mbili zote ngumu ila zinakuumiza sehemu tofauti kabisa, na ukichagua vibaya utaacha katikati.

Zelda II inakuumiza vidole. Upanga wa Link, shujaa unayemchezesha, mle ndani ni mfupi, mfupi hasa, ni kisu cha kukatia vitunguu, inabidi umsogelee adui mpaka unasikia pumzi yake. Uhai ukiwa umejaa kuna kamwali kanaruka kutoka kwenye upanga lakini wale maadui wa maana hakawafanyi kitu. Ngao inajikinga yenyewe, ukisimama inalinda juu, ukichuchumaa inalinda chini, na hapo ndo pambano lote lilipo kwa sababu kwenye makasri kuna wale askari wa chuma wanaitwa Iron Knuckle ambao nao wana ngao na wao wanafanya hivyohivyo. Ukipiga juu anapandisha, ukipiga chini anashusha, na katikati ya hapo anakuchoma. Mara ya kwanza unakutana naye unabonyeza tu kama mtu anaua mende na kandambili, unakufa. Mara ya ishirini unaruka, unapiga wakati unashuka, upanga unampata kichwani kabla ngao haijapanda, tena na tena, anakufa hajakugusa. Mi hakuna aliyenifundisha, mkono wenyewe siku moja ulifanya. Alafu unakutana na wa bluu, anarusha visu, unaanza shule upya.

Na hiyo ndo raha ya Zelda II ambayo naomba niitetee hata kama nitazomewa. Karibu kila nilipokufa nilijua nimekosea wapi. Sio kila mara, kuna sehemu za kuruka juu ya lava huku vichwa vinakuja vinaelea, ukiguswa kidogo unarudishwa nyuma moja kwa moja kwenye shimo, hapo hata mtawa angetukana. Lakini kwa sehemu kubwa adui ana tabia yake, unaisoma, unaijibu.

Castlevania II vidole haikuumizi. Simon, shujaa wa huku, ana mjeledi mrefu, maadui wengi wanakuja wamenyooka kama wanaenda kupanga foleni benki, unachapa wanaisha. Mabosi kwenye yale majumba ni wawili tu, Kifo na Carmilla, na Kifo unaweza kumpita pembeni ukaendelea na safari zako, sitanii. Dracula mwenyewe mwisho wa gemu ni aibu, ukiwa na silaha sahihi unamrushia mfululizo hata hapati nafasi ya kujibu. Ile kasri yake ya mwisho unaingia hakuna adui hata mmoja, kimya, unatembea tu kama unaenda kulipa bili.

Inakuumiza kichwa. Kazi yako ni kukusanya viungo vya Dracula, ubavu, moyo, jicho, kucha na pete, kutoka kwenye majumba matano, na namna ya kuyafikia hayo majumba ndo gemu ilipoficha makali yake. Mfano ule ambao kila mtu anaujua: kuna mwamba unaitwa Deborah Cliff, njia imeishia pale. Unatakiwa ushike kioo chekundu, upige magoti pale ukutani, utulie sekunde kadhaa bila kugusa kitu, kimbunga kinakuja kinakubeba. Nani angejua? Kuna anayekupa dokezo kijijini lakini kwa Kiingereza kilichotafsiriwa vibaya anakwambia ugonge mwamba kwa kichwa mpaka utoboke. Kuna mwingine anakwambia ukachukue mfuko wa hariri kwa bata wa makaburini. Bata! Nimezunguka makaburi ya Transylvania usiku kucha nikiwa chuo natafuta bata, hakuna bata, hajawahi kuwepo.

Watu wanamlaumu mtafsiri, na kweli alituangusha, ila hata kwenye Kijapani chenyewe baadhi ya wanakijiji wameandikwa makusudi wakudanganye. Yani wazo lilikuwa uishi kwenye nchi yenye laana ambapo huwezi kumwamini mtu. Kama wazo ni tamu. Shida ni kwamba ukichanganya uongo wa makusudi na tafsiri mbovu huwezi kutofautisha kipi ni kipi, mtu anayekudanganya na mtu ambaye sentensi yake imeharibika wanaonekana sawasawa.

Zelda II nayo ina wasemaji wa ajabu, tusidanganyane. Mji wa Ruto kuna jamaa ukimsalimia anakujibu "I am Error", basi, kila ukimuuliza, yeye ni Error. Watu walidhani gemu imeharibika. Kumbe ni utani wa watengenezaji, ana mwenzake anaishi msituni anaitwa Bagu, ambayo ni bug kwa matamshi ya Kijapani (kwa matamshi yetu sijui angeitwa Bagi). Na hawa wawili unawahitaji, bila barua ya Bagu pale Saria huvuki mto, na Error baadae ukishaambiwa huko Mido ukamuulize ndo anafunguka anakuonyesha njia. Tofauti ni kwamba ukizunguka vijiji vyote na kuongea na kila mtu unafika. Vitu viwili vitatu nilikwama, mfano mji mzima wa New Kasuto umefichwa msituni unatakiwa upige miti na nyundo mpaka uone nyumba. Ila ni viwili vitatu. Castlevania II ni safari nzima.

Tuje kwenye kufa sasa, maana kama wewe ni mtu wa kazini unapata saa moja usiku baada ya watoto kulala, hapa ndo pa kuamulia.

Zelda II inakupa roho tatu. Ukizimaliza popote ulipo, hata kama ulikuwa mlangoni kwa bosi wa kasri la nne upande wa pili wa dunia, unarudishwa kule mwanzo kabisa kwenye kasri alikolala binti mfalme Zelda, na pointi zako ulizokuwa unakusanya kwenda levo inayofuata zinafutwa. Levo zenyewe hazipotei, vitu ulivyookota havipotei, lakini ile safari unaitembea tena kwa miguu. Wajapani wenyewe kwenye ile ya diski ilikuwa mbaya zaidi, ukifa levo zako zote tatu (upanga, uchawi na uhai) zinashushwa zilingane na ile ya chini kabisa, kwaiyo sisi tulihurumiwa. Sehemu pekee ambayo gemu inakuonea huruma ni kasri kuu la mwisho, ukifia mle unaanzia mle.

Castlevania II ukimaliza roho tatu unaendelea palepale ulipoangukia. Palepale. Unachopoteza ni mioyo, ambayo ndo hela ya mle ndani, na pointi za kupandia levo. Inauma kama ulikuwa unadunduliza ununue mjeledi wa mioyo 200, lakini huwezi kulinganisha na kutembezwa dunia nzima.

Kwaiyo kwa kufa tu Castlevania II ni mpole kuliko. Ila ina wizi wake mwingine wa muda. Kila baada ya dakika chache gemu inasimama, maandishi yanajiandika polepole kukujulisha usiku wa laana umeingia, huwezi kuyaruka, unasubiri, alafu unaendelea. Asubuhi ikifika hivyohivyo tena. Siku ya kwanza unaona kitu cha kibunifu, na kwa 1987 kilikuwa cha kibunifu kweli, usiku maadui wanahitaji mapigo mara mbili ila mioyo inatoka kwa wingi, vijijini watu wote wanajifungia ndani na mazombi ndo wanatembea barabarani, duka huwezi kununua mpaka kukuche. Siku ya tatu unakaa kijijini umesimama juu ya paa unasubiri jua kama abiria aliyeachwa na basi la saa kumi na mbili. Ukiingia ndani ya majumba saa inasimama, hiyo ni habari njema, na gemu ina miisho mitatu tofauti kutegemea umetumia siku ngapi, chini ya siku nane ni moja ya hiyo miisho, kwaiyo anayetaka kuikimbiza ana sababu ya kuicheza tena.

Upande wa RPG, ambao dogo ndo aliuuliza sana, Zelda II inashinda na si kidogo. Una vitu vitatu vya kupandisha, upanga, uchawi na uhai, kila kimoja mpaka levo 8. Pointi 50 za kwanza inakuuliza upandishe uhai? Unaweza ukakataa. Ukifika 100 inakuuliza uchawi, ukikataa tena 200 ndo unapata upanga. Na hapa kuna uamuzi wa kweli, mi mara ya kwanza nilikuwa na tamaa nachukua uhai kila ukija kwa sababu ni wa bei rahisi, nikaingia kasri la pili upanga bado levo ya kwanza, kila adui namchoma mpaka mkono unachoka. Safari hii nilikataa kila kitu mpaka upanga ufike tatu kabla sijaenda mbali, ikawa gemu nyingine kabisa. Alafu kuna ujanja wa kasri, ukimuua bosi na kuweka kile kito kwenye sanamu gemu inakujazia pointi zote zilizobaki kufika levo inayofuata, hata kama ulikuwa na sifuri. Kwaiyo usiweke kito wakati umebakiza pointi kumi, toka nje pigana kidogo upande levo, rudi na sifuri ndo uweke. Ukifanya hivyo makasri yote sita umepewa levo kubwa kubwa bure.

Uchawi uko wa aina nane na unafundishwa na wazee mijini, ngao ya kupunguza maumivu, kuruka juu, kujitibu, kugeuka kichimbakazi upite kwenye tundu la ufunguo (huu ukiupata funguo nyingi huzihitaji tena), moto, na ule wa mwisho wa radi unaoitwa Thunder ambao bila huo bosi wa kasri kuu hafi hata umpige mpaka kesho. Na kuna wapiganaji wawili mijini, mmoja Mido anakufundisha kuchoma kwenda chini ukiwa hewani, mwingine Darunia anakufundisha kwenda juu. Ile ya chini ukishaipata, mkuu, ni kama umepewa gari. Unadunda juu ya vichwa vya maadui.

Castlevania II RPG yake ni nyembamba. Unaua unapata mioyo, mioyo ni hela na pia ndo pointi, ukipanda levo mstari wa uhai unaongezeka, basi. Hamna cha kuchagua. Utamu wake uko kwenye kununua, mjeledi wa ngozi unakuwa wa miiba, unakuwa wa mnyororo, unakuwa ule wa chuma, mwisho wa moto (huo haununuliwi), na kila ukibadilisha unaona kabisa maadui wanavyokufa haraka. Wauzaji wengine wamejificha nyuma ya kuta, unarusha maji ya baraka tofali linavunjika unakuta mzee amekaa mle peke yake anauza mjeledi, sijui wateja wake ni akina nani. Na viungo vya Dracula navyo unavitumia, ubavu ni ngao, jicho linakuonyesha vitabu vilivyofichwa, moyo unamwonyesha mwenye mtumbwi anakupeleka upande mwingine. Pete sijawahi kuona inafanya nini.

Ila kitu kimoja cha kwenye majumba lazima nikiseme maana kimenitia hasira mpya juu ya hasira ya zamani: sakafu za uongo. Tofali limekaa pale, linafanana na mwenzake kila kitu, unakanyaga, unapita kama hewa unaanguka chini kwenye miiba au kwenye maji. Hakuna alama. Dawa ni kurusha maji ya baraka mbele yako kila hatua, chupa ikipita kwenye tofali unajua hilo ni la uongo. Kwaiyo unatembea kwenye jumba la Dracula ukimwaga maji mbele kama muuza duka anazima vumbi asubuhi. Na kila jumba lazima ununue mti wa mwaloni uliochongwa kutoka kwa mtu aliyejificha ndani humohumo, mioyo 50, bila huo hulivunji lile tufe lenye kiungo. Umefika mwisho hujanunua? Rudi.

Zelda II sehemu yake ya kutia hasira ni Death Mountain, na inakuja mapema mno, bado levo zako ndogo. Ni mapango yanayoungana na mengine na mengine, huna ramani, na mle kuna mijusi inarusha mashoka ambayo ngao yako haiyazuii. Ndo sehemu watu wengi wanaacha gemu na siwalaumu. Ushauri wangu usiende mle upanga chini ya levo tatu au nne, na uchawi wa ngao uwe unao, washa kila ukimwona mwenye shoka. Ukishatoka na nyundo mlima wenyewe hauna tena cha kukutisha.

Na vidoli vya Link, vile vinavyokupa roho ya ziada, usiviokote njiani hata kama vinakutazama. Ukiokota ukafa ndo basi, havirudi tena gemu nzima. Viache, kariri vilipo, alafu siku unaenda kasri kuu unavipitia kimoja kimoja kama mtu anayekusanya madeni, unaingia mle na roho nyingi.

Muziki sitakaa sana, Castlevania II imechukua. Ule wimbo wa mchana ukitembea nje, Bloody Tears, ulizaliwa humu na Konami wameurudia kwenye Castlevania nyingine nyingi baadae, ukiusikia mara moja unaenda nao kazini. Zelda II ina wa makasri ambao ni mzuri sana, lakini ule wa kwenye ramani baada ya kutembezwa mara ya kumi na tano kutoka mwanzo unaanza kuuchukia bila kosa lake.

Kuna wa tatu nimtaje maana kuna watu watauliza. Faxanadu, ya Hudson Soft, nayo ya 1987 Japani, Marekani ikafika 1989. Hii iko katikati ya hizo mbili kwa kila kitu. Unapanda mti mkubwa wa dunia wenye miji ndani yake, mfalme anakupa dhahabu 1500 mwanzoni ukanunue vifaa, na ukivaa deraya mpya mtu wako anabadilika muonekano, kitu ambacho wale wengine hawana. Ukifa unaanzia kwa guru wa mwisho uliyepita kanisani. Mapigano si magumu kama Zelda, mafumbo si ya kichaa kama Castlevania. Rangi zake zote kahawia, gemu nzima inafanana na chai ya maziwa iliyopoa. Ukichoka na hizo mbili ipe nafasi, ila kama hujacheza yoyote sidhani kama ndo ya kuanza nayo.

Wapi unazipata: Zelda II iko kwenye Switch, mashine ya Nintendo, ukiwa na ile huduma ya kulipia ya Nintendo, iliingia mwezi wa kwanza 2019, na mle kuna kusevu popote na kurudisha nyuma ukikosea. Castlevania II iko kwenye Castlevania Anniversary Collection ya 2019, iko Switch, PlayStation 4, Xbox One na kompyuta, unapata na ndugu zake humohumo na kusevu popote kupo pia, hizo pasiwedi za zamani za kuandika kwenye daftari hazikuhusu tena. Wenye ile NES ndogo ya 2016 wanazo zote mbili ndani, washeni tu.

Kuhusu hiyo kurudisha nyuma, mi nina sheria yangu na we utaweka yako. Kwenye Zelda II sirudishi nyuma kwenye pambano hata moja, kwa sababu ukirudisha kila ukichomwa mkono haujifunzi, unafika kasri la tano bado hujui kumpiga Iron Knuckle, unarudisha nyuma mara arobaini kwenye chumba kimoja, hiyo sio gemu tena hiyo ni kazi ya ofisini. Nachofanya nasevu mlangoni kwa kasri. Ukifa unaanzia mlangoni badala ya upande wa pili wa dunia, ile adhabu ya kutembea inaondoka, pambano linabaki kamili. Kwenye Castlevania II fanya unavyotaka, tena fungua mwongozo pembeni kabisa bila aibu, mambo ya kupiga magoti ukingojea kimbunga hayana heshima ya kuyagundua mwenyewe. Mi safari hii nilikuwa na mwongozo kwa yale ya kichaa tu, mwamba, ziwa na mwenye mtumbwi, mengine nikatafuta mwenyewe, ikawa gemu nzuri ajabu, jioni nne tulivu nimeimaliza. Zelda II imekula wiki mbili na ushee.

Kwaiyo dogo. Kama unapenda zile gemu ambazo bosi anakuua mara thelathini na ya thelathini na moja unamwua unasimama unatembea chumbani, na unapenda kuhesabu upandishe nini kwanza, chukua Zelda II, sevu mlangoni, upanga kwanza. Kama unatoka kazini umechoka unataka kutembea usiku kwenye nchi yenye ukungu na muziki mtamu, unapanda ngazi za mijeledi pole pole, na huoni vibaya kuangalia majibu, Castlevania II. Kama huna uvumilivu wa kufa, Zelda II usiiguse. Kama huna uvumilivu wa kudanganywa, unajua ipi ya kuacha. Na kama umepata muda wa moja tu mwaka huu mi nakuchagulia Zelda II, kwa sababu Castlevania II nikiimaliza naikumbuka hali yake, giza lake, wimbo wake, lakini Zelda II nimeiacha siku nne sasa na kidole bado kinaruka na kuchoma chini chenyewe nikiwa nimekaa kwenye daladala.

Nimemtumia haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja, sidhani kama alisikiliza hata tatu. Jana usiku kanitumia picha ya skrini, kivuli cha Ganon, adui mkuu wa Zelda, na maandishi ya kwamba amerudi, chini kaandika bro huu mlima una nini. Nikamuuliza upanga levo ngapi. Moja. Nimemwambia atoke mapangoni akaue maadui kwanza, ndo tuongee.